Mwanza hadi Gahini, na Kurudi kwa Njia ya Karagwe: Siku Saba na Magunia Manne

Nimekaa na daftari hili wiki tatu tangu nirudi. Kurasa nyingine zimelowa chai, nyingine niliandika ndani ya basi na mwandiko wake hata mimi siusomi. Palipofutika nimetumia picha za simu, ambazo angalau zinaonyesha tarehe na saa.

Bibi yangu wa Karagwe alikuwa ndugu wa uamsho, ule wa Wakristo wa Afrika Mashariki wa kuungama dhambi mbele ya wenzao. Si ulokole wa vipaza sauti tunaoujua mjini. Yeye alikuwa na kilemba cheupe, kitabu cha nyimbo kilichoshonwa kwa uzi wa gunia, na wimbo mmoja alioimba akipalilia, Tukutendereza Yesu, kwa Kiganda, ingawa Kiganda chenyewe hakukijua zaidi ya wimbo huo. Wiki aliyookoka alitembea vijiji viwili kumrudishia jirani jembe aliloazima miaka kadhaa nyuma na kulinyamazia. Jembe lilikuwa limelika hadi likawa kama kijiko, kwa hiyo akanunua jipya akapeleka yote mawili. Sisi wajukuu tulicheka sana. Alikuwa akisema, "Jambo hili lilitoka Gahini," nami kwa miaka mingi nilidhani Gahini ni jina la mtu. Kumbe ni mahali, mlimani huko Rwanda, na ndiko nilikokwenda.

Alhamisi, 28 Agosti 2025. Mwanza – Benaco

Basi la saa kumi na mbili asubuhi liliondoka saa moja na dakika ishirini. Nauli hadi Benaco, karibu na mpaka wa Rwanda, 30,000. Nilikuwa na begi moja, Biblia, pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na bahasha yenye shilingi 300,000 niliyoishonea mfuko ndani ya koti. Hizo hazikuwa za safari. Nitafika huko.

Kwa aliyezoea kivuko cha Kigongo–Busisi, daraja jipya bado ni ajabu. Lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, na unalimaliza kabla hujamaliza kumenya yai. Abiria mmoja mama alilalamika kuwa siku hizi hapati tena samaki wa kukaanga wa kwenye foleni ya kivuko. Nilimwelewa.

Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo: lami na usingizi. Baada ya Lusahunga usingizi ukaisha. Hicho kipande cha kwenda Rusumo mpakani, kama kilomita 90, malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi yamekichimba vibaya, na tulipita mengi yamelala pembeni madereva wakipika ugali chini ya tela. Tulipata pancha, saa moja na nusu. Dereva wa lori moja alitukaribisha chai ya rangi na kukataa hela. "Leo nyinyi, kesho mimi," akasema.

Benaco nililala gesti ya 15,000, maji ya ndoo. Wali maharage na kipande cha kuku, 5,000.

*Kwa mtakaopita:* badilisheni hela Benaco au Rusumo kwa kiasi kidogo tu. Kwa laki moja mimi nilipewa faranga 56,000. Ulizeni watu wawili watatu kabla ya kutoa noti mfukoni.

Ijumaa, 29 Agosti. Rusumo – Kayonza – Gahini

Teksi ya kuchangia hadi mpakani 3,000. Uhamiaji wa nchi zote mbili wako jengo moja, unagonga muhuri kwa huyu unasogea dirisha la pili. Dakika ishirini. Aliyenichelewesha ni askari aliyekuta karanga zangu kwenye mfuko mwembamba wa plastiki. Rwanda walipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008 na hawatanii. Akanimiminia karanga kwenye kofia yangu, mfuko akauchukua, akanitakia safari njema kwa Kiswahili safi.

Darajani nilisimama. Maporomoko yako hapo chini, maji ya Kagera yana rangi ya chai ya maziwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, takriban watu 250,000 walivuka hapa kuja kwetu ndani ya saa 24, na kambi ya Benaco ikawa mji kabla serikali haijapata hema za kutosha. Nilikuwa mtoto Karagwe. Nakumbuka watu wazima walivyoacha kula samaki wa mto. Sasa nilikuwa nakwenda kutafuta chimbuko la uamsho katika nchi ambayo mto wake ulituletea maiti. Swali hilo lilinikaa kooni kuanzia hapo, na nilijua nitalazimika kumwuliza mtu.

Ukivuka, magari yanahamia kulia, na saa inarudi nyuma saa moja. Hili la saa nililisahau, nikafika stendi nikikimbilia basi nililodhani limeniacha, kumbe bado lina dakika hamsini. Kule basi linaondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi na hakuna anayesimama. Hadi Kayonza nililipa faranga 2,700.

Ndani ya basi nilisoma kidaftari nilichoandika nyumbani kuhusu watu wa mwanzo wa uamsho. Anayenigusa kuliko wote ni Yosiya Kinuka. Alikuwa msimamizi wa watumishi wa hospitali ya Gahini, na hospitali ilikuwa imejaa magomvi na uvivu. Akapelekwa Kampala kumwona Simeoni Nsibambi, mmoja wa watu wa mwanzo wa uamsho, akamweleza matatizo yote ya wenzake. Nsibambi akamjibu kuwa kinachoharibika hospitalini kinaanzia moyoni mwake yeye Yosiya. Hebu fikiria umesafiri mamia ya kilomita kushtaki watu, unarudishwa na mashtaka yako mwenyewe. Ilikuwa 1931, na alikubali njiani, kwenye safari ya kurudi.

Kayonza hadi Gahini ni kama kilomita kumi, pikipiki faranga 1,500 na helmeti ni lazima. Barabara inapinda, halafu Ziwa Muhazi linatokea kushoto, jembamba na refu kama mto uliochoka. Nilimwomba kijana asimamishe nipige picha. Alizima injini kabisa, akakaa kwenye majani akinisubiri, na hakuongeza bei.

Nyumba ya wageni chini kando ya ziwa, faranga 15,000 na kifungua kinywa. Usiku sato wa kuchoma na viazi, 6,000. Bei kali, lakini samaki alikuwa samaki kweli.

Jumamosi, 30 Agosti. Umuganda

Sikuwa nimeangalia kalenda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi Rwanda nzima inafanya kazi za pamoja asubuhi, maduka yamefungwa, magari hayatembei. Mpango wangu wa kupanda mlimani mapema ukafa. Badala ya kukaa chumbani nikaomba jembe. Tulifukua mtaro hadi karibu saa tano, na ndipo nikampata mwenyeji wangu: mzee wa miaka sabini na kitu aliyesikia lafudhi yangu akaniuliza, "Wewe wa Karagwe au Bukoba?"

Alikulia Karagwe. Wazazi wake walikimbia machafuko ya mwaka 1959 akiwa mtoto, na yeye akarudi baada ya 1994 akiwa na watoto. Huku mashariki wako wengi wa namna yake, kwa hiyo usiogope lugha. Kiswahili tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, lakini cha wazee hawa ni cha zamani zaidi, kina harufu ya magulio yetu. Alipojua bibi yangu alikuwa ndugu wa uamsho, akaweka jembe begani. "Basi wewe hulali kwa kulipia tena."

Mchana alinipandisha mlimani: hospitali, shule, kanisa la Waanglikana, miti mikubwa, na ziwa chini. Hapakuwa na kibao kikubwa wala duka la kumbukumbu, na niliona afadhali. Tulikaa kwenye kivuli akanisimulia, na mengine nikayalinganisha na kidaftari changu.

Kituo hiki kilianzishwa katikati ya miaka ya 1920. Daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika mwaka 1928 akakutana na njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliipa jina, Rwakayihura. Alizika watu hadi akakauka moyo. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akamkuta Nsibambi amesimama karibu na pikipiki yake. Mmoja mmisionari amechoka, mwingine Mganda mtumishi wa idara ya afya anayeona kanisa lake limejaa watu na limepoa. Walikaa siku mbili na Biblia wakifuatilia kila mahali panapotajwa Roho Mtakatifu, wakiomba. Mwaka huohuo Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akaja Gahini kufundisha shule.

Hakuna kilicholipuka kesho yake. Hilo mzee alilirudia mara mbili. Ilichukua miaka ya watumishi wachache kugombana, kupatana na kuomba. Ndipo katika mkutano wa Krismasi ya 1933, mtu mmoja akasimama katikati ya maombi akaanza kuungama dhambi zake kwa kuzitaja, na mwingine, na mwingine, kwa muda mrefu. Septemba 1935 moto ukafika Kabale, Uganda. Januari 1936 Blasio alikwenda Kampala na neno moja kwa ajili ya sinodi ya kanisa, Zukuka, yaani amka, akafa kwa homa kabla ya kikao. Kifo chake kililisambaza neno lile kuliko ambavyo hotuba ingeweza. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 lilikuwa limefika shule ya ualimu ya Katoke kwetu Kagera, na kutoka hapo hadi kwa Walutheri wa Bukoba. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wao na baadaye rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa ndugu wa uamsho. Bibi yangu na jembe lake naye.

Ndipo nikauliza lile swali la darajani. Uamsho ulianzia hapa. Mwaka 1994 ulikuwa wapi?

Mzee alikaa kimya muda mrefu, akichora ardhini na kijiti. "Mimi sikuwepo. Mke wangu alikuwepo, na usimwulize." Kisha: "Watu waliokuwa wakiimba wimbo ule waliua. Watu waliokuwa wakiimba wimbo ule waliuawa. Na wako walioficha wenzao darini, nao waliimba ule ule, kwa sauti ya chini. Ukikutana na mtu anayekwambia uamsho ulileta mbingu Rwanda, mwulize amekaa Rwanda miaka mingapi."

Sikuandika kitu kingine siku hiyo. Chakula cha jioni kilikuwa ndizi, maharage na isombe, yaani kisamvu, na mama mwenye nyumba alinijazia sahani mara tatu. Sikumwuliza.

Jumapili, 31 Agosti. Ushirika

Ibada ya asubuhi saa mbili na nusu, sehemu kubwa Kinyarwanda. Nitairuka, maana jambo lilikuwa mchana, sebuleni kwa mzee: watu kumi na wawili, wengi wao wazee, viti vya kuazima, chai ya maziwa.

Kama hujawahi kuona ushirika wa uamsho: hakuna mhubiri. Wanasoma kifungu kifupi, wanaimba, halafu wanakaa "nuruni", kama wanavyosema kutokana na waraka wa kwanza wa Yohana. Kila mtu anasema anatembeaje na Yesu wiki hii. Mama mmoja wa makamo alisema ametia maji kwenye maziwa anayouza. Hakusema "nimekosa uaminifu". Alisema siku ngapi, lita ngapi, na nyumba tatu kwa majina. Alikuwa ameshazirudia mbili, ya tatu anaiogopa kwa sababu mwenye nyumba ni mkali. Wakaimba ubeti mmoja wa Tukutendereza, mwingine akajitolea kumsindikiza kesho, wakaendelea kwa mwingine. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeshangilia. Mzee alinitafsiria sikioni kwa sauti ya mtu anayesoma bei za soko.

Mimi nimeokoka tangu nikiwa chuo. Nimetubu kwenye mikesha, kwenye semina, nimelia hadi leso ikalowa. Nilitubu "dhambi zangu zote", jumla jumla. Pale sebuleni nikaona hiyo jumla ndiyo niliyojifichia.

Kwa hiyo bahasha. Mwaka 2011 baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alinipa magunia manne ya kahawa ya maganda nimpelekee kuuza kwenye chama cha ushirika. Mimi nikayavusha Murongo kwenda Uganda, ambako bei ilikuwa nzuri zaidi, nikamwambia yamekamatwa kwa magendo. Aliniamini, maana wakati huo watu walikuwa wanakamatwa kweli. Hela ile ilianzisha duka langu la vipuri vya pikipiki. Mwaka huo binamu yangu alikosa muhula mzima wa sekondari. Kilo 250 kwa 1,200, ndiyo hizo 300,000 nilizoshona kotini, nikiwa nimepanga kupitia Karagwe "kama muda utaruhusu".

Niliwasimulia. Mzee akatafsiri. Ndugu mmoja mkulima wa kahawa, ndiye wa kwanza kusema, na hakusema neno la kiroho. Aliuliza, "Kwa bei ipi?"

Nikasema ya 2011. Wakatazamana. Kahawa msimu huu imepita mara tatu ya ile. Mimi mfanyabiashara nilijua hilo kuliko wote mle ndani, na ndiyo maana nilihesabu kwa bei ya zamani. Mzee akafungua Luka 19, habari za Zakayo na mara nne yake. "Huyu alikuwa mtoza ushuru," akasema, "hesabu aliijua."

Jumatatu, 1 Septemba. Kurudi Benaco

Mzee alinisindikiza hadi barabarani, mkewe akanipa chupa ya maziwa mgando na maparachichi manne. Walikataa hela, nikaacha 10,000 chini ya mto wa kitanda. Nadhani bado wanajadili nani alizisahau. Kayonza, Kibungo, Rusumo, bila tukio. Benaco, gesti ile ile, safari hii maji yalitoka bombani.

Jumanne, 2 Septemba. Benaco – Karagwe

Gari ndogo, tulikaa wanne kiti cha watatu, 15,000. Njia inapita pembeni mwa hifadhi ya Burigi-Chato, na nilipopita kulikuwa na vumbi jekundu la kutosha kila mtu kuwa kabila moja. Mvaeni barakoa. Bebeni maji, sehemu ya katikati hakuna duka. Tulisimama mara mbili kupisha nyani, mara moja kwa sababu dereva alitaka kuongea na shemeji yake.

Kayanga niliingia kwa wakala nikatoa 700,000 kwenye simu. Ilikuwa hela ya mzigo wa Septemba. Jumla milioni moja, kama bei ya leo. Mara nne ya Zakayo ingekuwa milioni na laki mbili. Sikufika kwa Zakayo, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baba mdogo nilimkuta uani anageuza maganda kwenye mkeka kwa mguu, kama walivyokuwa wakifanya tangu nikiwa mdogo. Shikamoo, marahaba, habari za Mwanza. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, nikiogopa kwamba nikikaa nitasema mengine. Nilisema magunia, Murongo, mwaka, bei. Aliendelea kugeuza kahawa hadi mwisho wa mkeka. Kisha akakaa kwenye kigoda, akapokea bahasha, akahesabu noti zote mia moja, akilamba kidole.

"Haya," akasema. "Yangu yameisha. Mama yako mdogo yuko jikoni. Mimi nilikasirika siku mbili, yeye ndiye aliyekwenda shuleni kumwombea mtoto nafasi, wakamrudisha."

Nikaenda jikoni. Mama mdogo alikuwa anamenya ndizi. Nilirudia yote tangu mwanzo na ilikuwa ngumu zaidi kuliko uani, maana yeye alikuwa ananitazama. Nilipomaliza, alinisogezea kisu cha pili kwa mguu. Tukamenya mkungu mzima. Baadaye sana akauliza, "Na ndugu yako je?"

Nikasema nitampigia simu usiku.

"Simu ya nini? Anaendesha bodaboda Omurushaka. Nenda kesho ukamtazame."

Jumatano, 3 Septemba. Omurushaka

Kutoka kijijini hadi Omurushaka pikipiki 4,000. Nilimkuta kijiweni saa tatu asubuhi, anasubiri abiria. Tulizungumza hadi karibu saa sita, na kwa saa zote hizo hakubeba mtu. Nilimwomba ruhusa niandike hapa aliyoniambia. Amekataa.